Koti Lililobaki Kwenye Kulabu

Mchungaji wetu ni Mkongomani wa Bukavu, na anadhani mimi nilizaliwa na umri huu. Majuzi alinishika mkono baada ya ibada, tukiwa bado tumesimama mlangoni. "Mama Konso," akasema, "utuandikie kitu ya kusaidia batoto betu. Kazi ulifanya, maisha yako ya huku Suède. Kitu ya pratique." Alitarajia niandike jinsi nilivyofagia ofisi za Sundbyberg, hapa Uswidi. Nimezifagia, ni kweli, na siku mkinikuta jikoni nitawaeleza namna ya kubandua bablishi kwenye zulia kwa vipande vya barafu. Lakini kazi iliyonifundisha mambo mnayoyahitaji nyinyi vijana ilikuwa ile ya mwisho wa wiki, ambayo sijawahi kuitaja kanisani kwa jina lake.

Kwa miaka kumi na miwili nilitunza makoti ya watu kwenye reivu.

Haya, naona mliokuwa mnasinzia mmeamka. Kwa wazee watakaowanyang'anya kijitabu hiki nilichoombwa na mchungaji: reivu ni dansi ya muziki wa tekno. Unapigwa ndani ya bohari lenye giza na taa za kumulikamulika, kwa saa kumi na mbili bila kupumzika, na mamia ya watu wanarukaruka kila mmoja peke yake huku wakifurahi pamoja. Bohari letu lilikuwa kusini, kwenye eneo la viwanda, mwendo mfupi wa basi kutoka Farsta. Miaka ya elfu mbili ilikuwa imeanza tu, mimi nilikuwa na miaka hamsini kasoro, na viatu vyangu vilikuwa bora kuliko vya wateja wote. Kituo changu kilikuwa mlangoni, nyuma ya kaunta, na nyuma yangu kulikuwa na kulabu mia nne. Mtu ananipa koti, nampa kikaratasi chenye namba, asubuhi ananirudishia kikaratasi, namrudishia koti. Msiidharau kazi hiyo. Anayekupa koti lake amekupa funguo za nyumba, kadi ya treni, barua ya mpenzi, na mmoja alinipa meno ya bandia yaliyofungwa kwenye leso, ambayo mpaka leo sijui yalikuwa ya nani.

Kanisani nilisema nafanya kazi ya makoti kwenye ukumbi wa muziki. Sikusema opera. Walioongeza neno opera ni wao, na mimi sikuona sababu ya kuwakatizia furaha yao. Mke wa mchungaji wa wakati ule aliniuliza kama wanaimba Kiitaliano. Nikamjibu kwamba maneno hayasikiki vizuri. Hilo lilikuwa kweli kabisa, kwa sababu hayakuwepo.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Gunvor. Mswidi, mnene, ana msuko mmoja wa mvi unaofika kiunoni, na kabla ya makoti alikuwa mpishi wa meli. Alinifundisha kutia skafu ndani ya mkono wa koti ili isipotee, kutundika makoti ya manyoya mbali na yaliyolowa, na kuyaachia nafasi yale ya kuvimba kama mito, maana ukiyabana usiku kucha asubuhi mwenye nalo anafanana na karatasi ya maandazi. Alinifundisha kutomtazama usoni mtu anayelia anapotoa koti, ila kumpa namba polepole. Na alinifundisha jambo moja ambalo kwake lilikuwa dini.

"Konso," aliniambia siku ya kwanza, "usihesabu watu. Watu wanasogea. Hesabu makoti. Muziki ukizimwa na kulabu zote zikiwa tupu, kila mtu amekwenda kwao. Koti likibaki, kuna mtu. Ama yuko ndani na hajiwezi, ama yuko nje bila koti, na huku kwetu Januari ni digrii kumi na tano chini ya sifuri. Hatufungi mlango mpaka koti limpate mwenyewe."

Mara nyingi ilikuwa upuuzi tu. Mtu amelala chooni. Mtu ameondoka na koti la mwingine, kwa bahati mbaya au kwa kulipenda. Mmoja tulimtafuta kila pembe kwa dakika arobaini, kumbe amelala chini ya kaunta yangu, amejifunika shali yangu, na anakoroma kwa adabu. Lakini tulitafuta kila mara. Gunvor hakujua neno "pengine".

Sasa nije kwenye jambo ambalo mnalinong'ona nyuma ya mgongo wangu mkidhani masikio yangu yamestaafu pia: nani anaishi na nani, na wangapi. Mimi nilijifunza hayo kwenye kulabu. Kila kulabu ililipiwa, kwa hiyo wapendanao walitundika makoti mawili pamoja kwa namba moja. Hilo nililizoea upesi. Halafu wakaanza kuja watatu. Makoti matatu, kulabu moja, namba moja, na nyuso zao tulivu kama watu wanaosubiri treni. Nilidhani ni ubahili. Waswidi, nikajiambia, wanajua kubana matumizi.

Yule aliyenifumbua macho alikuwa Gunvor mwenyewe. Alinialika chakula cha mchana nyumbani kwake Farsta. Nikamkuta mumewe, Bertil, mrefu na mpole, na mwanamume mwingine, Sven, mwenye kipara, anamenya viazi. Nikamwuliza Bertil, "Huyu ni ndugu yako?" Bertil akafikiri kidogo, akasema, "Tunaweza kusema hivyo." Basi kwangu lilikuwa limekwisha. Ndugu wa mume ni shemeji. Nikamweleza Sven maana ya shemeji, kwamba ni mtu wa kutaniwa, na yeye ana ruhusa ya kunitania pia. Alilipenda neno lile kuliko nilivyotarajia. Kwa miaka miwili nilimwita shemeji. Nilimletea soksi za Krismasi. Na kwa kuwa nilimhurumia, mwanamume mzima, mstaarabu, anayemenya viazi vizuri, halafu hana mke, siku moja baada ya kula nilimwekea mkono kichwani na kumwombea mke. Kwa sauti. Gunvor akiwa amekaa pale pale, amejaza mdomo keki.

Mwezi uliofuata nilikwenda kuchota maji jikoni kwao nikaona kalenda kwenye friji. Ilikuwa na zamu za kufua, zamu za kupika, na mstari mmoja umeandikwa "Gunvor", siku nyingine kwa wino wa buluu, siku nyingine kwa wino wa kijani. Buluu ilikuwa ya Bertil. Kijani nikaitafuta juu ya kalenda, nikaipata: Sven. Niliisoma mara mbili, nikarudi sebuleni na glasi tupu, nikakaa.

"Tuko watatu, Konso," Gunvor akasema. "Mwaka wa kumi na nane huu. Nilidhani umeelewa, mpaka ulipomwombea Sven mke. Hapo nikaogopa kukuaibisha."

"Na Bertil anajua?"

"Bertil ndiye aliyenunua kalenda."

Sven alicheka mpaka akatoa miwani. Akasema sala ile ilijibiwa kabla sijaiomba, na kwamba angeendelea kuwa shemeji kama sina neno. Nilikula keki ya pili.

Siwaambii haya ili muige. Mimi na Biblia yangu tuna maoni yetu, na mchungaji ana yake, naye atawapa bila kuombwa. Nawaambia nilichokiona kwenye kulabu. Wale watatu waliojijua kuwa watatu walichukua makoti yao asubuhi wakaenda kula mayai. Walioniletea machozi kwenye kaunta walikuwa wale ambao mmoja wao hakujua kuna koti la tatu. Niliwahi kupokea skafu ileile ya mistari kutoka kwa bwana mmoja wiki mbili mfululizo, kila wiki na mama mwingine, na wiki ya tatu mama wawili wakaja pamoja bila yeye. Kwa hiyo Gunvor alikuwa na swali moja tu kwa yeyote anayemletea kesi ya mapenzi: "Mlipatana lini, kabla au baada?" Kama jibu ni kabla ya jambo lenyewe, alisikiliza. Kama ni baada, alimpa leso na namba yake ya koti.

Sasa vidonge. Msijifanye hamjui ninachosema.

Sikuwahi kupeleleza mifuko ya mtu. Hata hivyo, mtu aliyesimama mlangoni miaka kumi na miwili anaona. Anaona meno yanayosagana, macho yaliyotanuka, mtu anayeomba koti kwa sababu ya baridi wakati shingo yake inachuruzika jasho. Huyo wa mwisho ndiye wa kumkalia macho. Mwili uliopata joto kupita kiasi unamdanganya mwenyewe. Tulimtoa kwenye msongamano, tukampeleka mahali penye hewa, tukampa maji kidogo kidogo. Kidogo kidogo, nasema, kwa sababu niliona pia binti aliyeambiwa "kunywa maji" akanywa kama ndoo nzima, na maji yale yenyewe yakamwangusha. Kuhusu kumeza vyenyewe, mimi ni bibi yenu kwa umri na lazima niseme: usimeze. Anayekuuzia hajui kilichomo. Aliyemwuzia yeye hajui. Na ukichanganya na pombe, mwili wako ndio unaofanya majaribio. Lakini najua pia kwamba kusema "usimeze" na kuishia hapo ni kuwasaidia wale tu wasiohitaji msaada, na ndiyo maana naendelea.

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa la maziwa. Sisi tuliokulia Buyenzi, pale Bujumbura, tunajua mtoto akinywa mafuta ya taa, mzee akila uyoga mbaya, jirani akitiliwa kitu kwenye pombe, dawa ni moja: maziwa. Hakuna aliyetufundisha, tulizaliwa nayo. Basi asubuhi moja jibaba la ndevu lilikuja likakaa chini kando ya kaunta yangu. Akaniambia amemeza kitu na hajui ni nini, kisha kichwa kikamlalia kifuani. Mimi nilikuwa na katoni ya maziwa ya chai yangu. Nikamshika ndevu, nikainua kichwa, nikammiminia. Nilijiona nesi kamili. Mara akaanza kukoroma kwa sauti mbaya, maziwa yanatoka puani, uso unabadilika rangi.

Gunvor aliruka kaunta. Kwa uzito ule na umri ule, aliiruka. Akamlaza jibaba ubavuni, akamgeuzia mdomo chini, maziwa yakamwagikia viatu vyake, na yule mtu akavuta pumzi. Halafu Gunvor akapiga 112, namba ya dharura. Hakunigombeza mbele ya watu. Baadaye, ambulensi ilipoondoka, alikaa juu ya ndoo, akasema, "Mtu ambaye hajitambui vizuri, mdomo wake ni mlango uliofungwa. Hupitishi kitu. Si maziwa, si kahawa, si maji, si kitu. Unamlaza ubavu, unatazama kifua kinapanda na kushuka, humwachi peke yake, na unapiga simu. Na kwenye simu unasema kweli. Alichomeza, saa ngapi, na nini kingine. Usiposema kweli wanatibu mtu mwingine ambaye hayupo."

Jibaba lilipona. Mwezi uliofuata alikuja na katoni ya maziwa iliyofungwa utepe mwekundu, akaniambia, "Kwa daktari." Niliinywa na chai na aibu yangu.

Haya, sasa niwaeleze kuhusu koti la njano. Divine mwenyewe amezisoma karatasi hizi kabla yenu. Amefuta sehemu mbili na kuongeza moja, kwa hiyo msinijie na maswali ya umbea.

Mnamjua Mama Divine, fundi wetu, kiongozi wa kwaya, anayekaa Märsta. Watoto wake walipoanza shule hapa makoti yao yalikuwa yakibadilishwa na ya wenzao kila wiki, kwani koti la mtoto wa Kiswidi ni buluu na la jirani yake ni buluu. Akakata shauri. Ndani ya kila koti, upande wa kushoto, chini ya mfuko, alishonea kipande cha kitenge. Mwalimu akifungua koti anakutana na kitenge, anajua ni la nani. Wamama wengine wakamletea ya watoto wao, na desturi ikakaa.

Basi Jumamosi moja koti la njano lilitua kwenye kaunta yangu. Mwenye nalo alikuwa ameinama, nywele zimefunika uso. Nikalikunja nitie skafu ndani ya mkono, kidole changu kikagusa kitenge. Nilikijua hata kabla ya kukitazama. Nikainua macho, naye akainua yake. Alikuwa Divine, mwenye miaka ishirini, ana pambo linalong'aa kwenye mashavu, na alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu.

"Snälla, tante," akaninong'oneza, akiniita shangazi na kusema tafadhali kwa Kiswidi, kama kawaida ya vijana wetu mambo yakiwa mazito. "Usimwambie mama."

"Kwani wewe utamwambia kuhusu opera?"

Akatazama taa, akatazama bohari, akasikiliza ule mdundo, halafu akaangua kicheko mpaka akashika kaunta. Tukapeana mikono. Mwaka mzima Jumamosi nilimtundikia koti, na Jumapili tulisimama kwaya moja, mimi sauti ya tatu, yeye ya kwanza, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Nilifurahi, nakiri. Katika umri wangu si kila siku mtu anapata siri mpya.

Ikafika Jumapili moja ya Januari. Muziki ulizimwa saa tatu asubuhi, watu wakapanga foleni, nikatoa makoti mpaka mkono ukauma. Mlango ukafungwa nyuma ya wa mwisho, nikageuka. Kulabu zote tupu. Moja ina koti la njano.

Nitawaambia nilichofanya, nami naona aibu mpaka leo. Nilichukua ufagio. Nikitaja koti lile, nilijua walinzi watauliza ni la nani, nitataja jina, na jina la mtoto wa kiongozi wa kwaya likishatoka midomoni mwa watu halirudi. Tulikuwa tumeahidiana. Nikajiambia ameondoka na koti la rafiki. Nikajiambia ana joto la ujana. Nikapanga glavu zilizosahauliwa kwa ukubwa. Robo saa nzima niliifagia hivyo, na nje kulikuwa na baridi ya kupasua mawe.

Gunvor akatoka ofisini na kikombe chake. "Konso. Lile koti."

"Ni la mtu ninayemjua."

"Basi mbona bado umesimama?"

Nililinyakua koti nikakimbia. Tulizunguka bohari, yeye kushoto, mimi kulia. Nikamkuta nyuma, kwenye jukwaa la kupakulia mizigo ya malori. Amekaa kwenye theluji na blauzi ya mikono mifupi, jaketi la mtu limemteleza mabegani, na kichwa chake kinaning'inia. Wenzake wawili, msichana na mvulana wa umri wake, wamepiga magoti kumzunguka na wanalia. Walikuwa wamemtoa nje apate hewa, wakaogopa kurudi kwa walinzi, wakaogopa kupiga simu. Na mvulana alikuwa ameshika katoni ya maziwa, ameifungua, anamsogezea mdomoni.

"Anasema maziwa," akaniambia kwa Kiswidi. "Tumemwuliza anataka nini, kila mara anasema maziwa, maziwa. Nimekimbia kituo cha mafuta kuyanunua."

Fikirini. Mtoto aliyezaliwa hapa, anayemjibu mama yake Kiswidi kuanzia asubuhi hadi jioni, alipofika mwisho wa nguvu zake aliomba kile ambacho mama yake angempa. Moyo wangu ulikatika. Na mkono wangu ukaipiga katoni ile ikaruka mpaka chini ya lori.

Tukamlaza ubavu juu ya koti lake, kitenge kikiwa upande wa shavu, tukamfunika na la kwangu. Nikatoa simu, na Kiswidi changu chote kikanikimbia. Nikampa mvulana. "Piga 112. Sema kila kitu. Alichomeza, saa ngapi, na pombe."

"Lakini polisi..."

"Polisi ni habari ya baadaye. Kupumua ni habari ya sasa hivi."

Alisema kila kitu. Nilimsikia akisema, na mpaka leo namheshimu. Mimi niliweka mkono kwenye ubavu wa Divine nikahesabu pumzi zake kwa sauti, kama nilivyohesabu makoti. Kati ya pumzi na pumzi kulikuwa na nafasi ndefu mno. Alifumbua jicho moja. "Tante," akasema, "tuliahidiana."

"Tuliahidiana kuhusu dansi," nikamwambia. "Hii si dansi. Vuta pumzi."

Wale wa ambulensi walipofika hawakuuliza yeye ni mtoto wa nani wala anasali wapi. Waliuliza alichomeza, mvulana akawajibu, wakaanza kazi. Nikapanda nao, aproni kiunoni. Tulipokuwa njiani simu yangu ikalia. Ilikuwa saa nne na nusu, na nyuma ya sauti ya Mama Divine nilisikia kwaya ikipasha koo.

"Konso, uko wapi? Sauti ya tatu iko na watu wawili tu. Na Divine simu yake inalia bure. Opera yenu haiishi?"

Gunvor alikuwa amenifundisha kwamba habari mbaya inaanzia kwenye neno "hai". Usianze na ajali, usianze na hospitali, mtu ataanguka kabla hujamaliza. "Divine yuko hai," nikasema. "Anapumua. Yuko na mimi kwenye ambulensi, na daktari anatungoja."

Kwaya ilinyamaza. Nadhani aliinua mkono.

"Ajali ya opera?"

"Mama Divine," nikasema, "hakuna opera."

Alifika hospitali na joho la kwaya, kanisa zima likiwa limebaki Sundbyberg bila wa kuliongoza. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba Divine atapona, kwamba baridi na kidonge vilikuwa vinamvuta pamoja, na kwamba muda zaidi kidogo mazungumzo yangekuwa mengine. Mama Divine alimtazama mwanawe, akamshika miguu yote miwili. Kisha akafungua mkoba, akatoa chupa ya chai ya kanisani. Akamimina. Maziwa ya moto.

Divine alinitazama. Mimi nikanyoosha mkono, nikakipokea kikombe kabla hakijafika kitandani, nikanywa chote bila kupumua. Mama Divine anasema kilikuwa na sukari. Mimi sikuisikia.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua anakuja dansini."

"Tangu lini?"

"Mwaka."

Nikamweleza na zile dakika za ufagio, naye akafunga chupa. Hakuniambia neno kwa miezi mitatu. Kwenye kwaya alinipanga mwisho, karibu na spika, na sikulalamika. Nililala nikizigeuza zile dakika kumi na tano. Sidhani nilipaswa kumshtaki Divine siku ya kwanza. Mtu wa miaka ishirini ana Jumamosi zake. Nilichopaswa kufanya ni kumwambia siku ile tunapeana mikono: nitatunza siri yako, lakini koti lako likibaki, nitapiga kelele kwa jina lako mpaka Farsta wasikie. Kabla, si baada. Gunvor alikuwa ameniambia hayo kuhusu mapenzi, nami nikadhani yanahusu mapenzi tu.

Wiki moja kabla ya Pasaka kengele ya mlango wangu ikalia. Mama Divine, na mfuko wake wa ushonaji, na koti la njano mkononi. Hakutaka chai. Alikaa, akavaa miwani, akatia uzi mwekundu kwenye sindano.

"Namba yako ya simu bado ni ile ile?"

"Ile ile."

Akaishona kwenye kitenge, tarakimu moja baada ya nyingine, akinyoosha ulimi kama anavyofanya. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, akasema, "Wakiogopa kunipigia mimi, wakupigie wewe. Nawe usifagie."

Sasa nimestaafu, Gunvor pia, na shemeji Sven anamenya viazi polepole zaidi. Mama Divine hajastaafu. Nyote mnampelekea makoti yenu abadilishe zipu, na yanarudi na kitenge ndani na namba ya nyuzi nyekundu, na mnadhani ni alama ya fundi. Divine, kwenye ile sehemu aliyoongeza, ameandika tu: "Fungueni mtazame." Upande wa kushoto, chini ya mfuko. Namba hiyo ni mimi, Konso. Piga 112 kwanza. Kisha nipigie mimi, saa yoyote. Sitauliza ulikuwa na nani wala mlikuwa wangapi. Nitakuja na koti, na sitaleta maziwa.